Grey Walter na Kobe Waliofuata Nuru

Kila mwanafunzi amesikia habari za Watt na nguvu za mvuke, za Edison na taa, na za Marconi na mawasiliano ya redio. Lakini katika siku hizi ambapo watu wengi wanazungumza juu ya roboti, na ambapo vijana wenyewe wanaunda vigari vidogo vinavyokwenda kwa nguvu za jua na kuufuata mwanga, ni wachache wanaojua habari za mtu aliyetangulia katika njia hiyo. Mtu huyo ni Dk. William Grey Walter. Yeye hakuwa mwenye kiwanda, wala hakutafuta kuuza mashine. Kazi yake ilikuwa kuchunguza ubongo wa binadamu, na mashine zilizompa sifa duniani zilikuwa kobe wawili tu wa umeme. Nimeona inafaa wasomaji wa gazeti letu, walio shuleni na waliokwisha kutoka, wayajue maisha yake na jambo alilotaka kutuonyesha.

UTOTO NA MASOMO YAKE

Grey Walter alizaliwa tarehe 19 Februari, 1910, katika mji wa Kansas City, Marekani. Baba yake alikuwa Mwingereza na mama yake Mmarekani, na wote wawili walikuwa waandishi wa magazeti. Mwaka wa 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imekwisha kuanza, jamaa hii ilihamia Uingereza, na huko ndiko mtoto alikokulia. Alisoma katika Westminster School, London, shule ya zamani sana iliyo karibu na kanisa kuu la Westminster. Mwaka wa 1928 akaingia King's College katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akasoma sayansi, na hasa elimu ya kazi za mwili na mishipa ya fahamu.

Alipomaliza masomo alitamani kubaki Cambridge kama mtafiti wa chuo. Aliomba nafasi hiyo, lakini hakuipata. Kwa vijana wengi pigo la namna hiyo hutosha kuwakatisha tamaa. Walter alikwenda London akapokewa na Profesa Frederick Golla, aliyekuwa mkuu wa maabara katika Maudsley Hospital, hospitali ya watu wenye maradhi ya akili. Kama angaliipata ile nafasi ya Cambridge, pengine asingalikutana kamwe na kazi iliyomjulisha kwa watu.

UMEME WA UBONGO

Yafaa kwanza tueleze jambo lililokuwa likishangaza wataalamu katika miaka hiyo. Kule Ujerumani, katika mji wa Jena, alikuwako daktari mmoja, jina lake Hans Berger. Mwaka wa 1924 daktari huyu alifaulu kupima umeme utokao katika ubongo wa mtu aliye hai, na mwaka wa 1929 akaitangaza habari hiyo. Umeme wenyewe ni hafifu mno. Ukipimwa juu ya ngozi ya kichwa, nguvu zake ni makumi machache tu ya sehemu za milioni za volti moja, hali betri ndogo ya tochi ina volti moja na nusu. Lakini umeme huo hauko kimya. Hupanda na kushuka kama mawimbi ya bahari, na mawimbi yenyewe hubadilika mtu anapofumba macho, anapofikiri, na anapolala. Wataalamu wengi hawakumsadiki Berger mwanzoni.

Golla alisadiki kwamba jambo hilo lina faida kwa wagonjwa, akamtwika Walter kazi ya kutengeneza chombo cha kupimia. Hapo ndipo kijana huyu alipoonyesha ufundi wake. Aliunda vikuza umeme vyenye uwezo wa kulikuza wimbi dogo namna ile mpaka likasukuma kalamu juu ya karatasi. Akasafiri mpaka Jena kuonana na Berger mwenyewe. Halafu mwaka wa 1936 akafanya uvumbuzi mkubwa. Aliona kwamba mtu mwenye uvimbe ndani ya ubongo hutoa mawimbi ya polepole sana, na kwamba mawimbi hayo yanatoka katika sehemu zinazouzunguka uvimbe. Aliyaita mawimbi ya delta, kwa herufi ya Kigiriki, na jina hilo linatumika mpaka leo.

Fikiri maana ya jambo hilo. Daktari wa kupasua aliweza sasa kupata habari za mahali ulipo uvimbe kabla hajagusa fuvu la mgonjwa. Vipande vidogo vya madini vilibandikwa juu ya ngozi ya kichwa, nyaya zikapelekwa kwenye chombo, na kalamu ikaandika. Mgonjwa hakuumia hata kidogo.

Mwaka wa 1939 Golla alipewa uongozi wa taasisi mpya iliyofunguliwa mjini Bristol, magharibi ya Uingereza, iitwayo Burden Neurological Institute. Walter akafuatana naye, na huko alifanya kazi miaka zaidi ya 30. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka wa 1946, yeye na wenzake wawili, Vivian Dovey na Harold Shipton, walitoa habari za majaribio ya kumulika macho ya mtu kwa taa inayowaka na kuzimika upesi upesi. Waliona kwamba mwanga huo unaweza kuyavuta mawimbi ya ubongo yafuate mapigo yake, na kwamba kwa baadhi ya watu wenye kifafa unaweza kuionyesha dalili ya ugonjwa iliyojificha.

Jambo hili si dogo kwetu sisi. Katika vijiji vyetu wako watoto wenye kifafa waliofichwa majumbani, kwa kuwa watu husema wamerogwa, au huogopa kuwagusa wasije wakaambukizwa. Kumbe kifafa ni tufani ya umeme ndani ya ubongo. Hakiambukizi kwa kuguswa, na kina dawa hospitalini. Walter hakuwa peke yake katika kuonyesha hayo, lakini chombo alichokitengeneza na kukiendeleza ni miongoni mwa vile vilivyoitoa habari hiyo gizani.

SWALI LILILOMSUMBUA

Kadiri alivyozidi kuyatazama mawimbi hayo, ndivyo alivyozidi kujiuliza. Ubongo wa mtu una chembe za fahamu nyingi kupita kiasi. Kwa hesabu za siku hizi ni kama bilioni 86. Je, ni wingi huo wa chembe unaotupa uwezo wa kutenda mambo mengi, au ni jinsi chembe hizo zilivyoungana?

Mtu mwingine angaliandika kitabu kirefu cha kubishana. Walter aliona afadhali kuunda kitu. Kama wingi wa miunganisho ndio jambo kubwa kuliko wingi wa chembe, basi hata mnyama wa bandia mwenye chembe mbili tu, zikiunganishwa vema, ataonyesha tabia zisizotazamiwa. Mwaka wa 1948 akaanza kazi hiyo nyumbani kwake, akisaidiwa na Vivian Dovey, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mke wake. Hawakuagiza vitu vya thamani. Magurudumu yenye meno yalitoka katika saa mbovu na mita kuukuu za gesi. Hata katika miji yetu fundi wa redio mwenye sanduku lake la vipande vibovu angaliielewa mara moja karakana ya namna ile.

Kobe wa kwanza aliitwa Elmer, na wa pili Elsie. Walter aliwapa pia jina la Kilatini, kama wataalamu wanavyowapa wanyama wa kweli. Aliwaita Machina speculatrix, maana yake mashine yenye kuchunguza.

MAUMBILE YA KOBE

Kobe wa Walter alikuwa na magurudumu matatu, mawili nyuma na moja mbele. Gurudumu la mbele ndilo lililofanya kazi zote. Mota moja ililizungusha ili kobe aende, na mota ya pili iliugeuza mhimili wake ili apinde. Juu ya mhimili huo huo liliwekwa jicho la umeme, yaani chombo kinachopitisha umeme zaidi kikiangazwa. Kwa hiyo jicho na gurudumu vilielekea upande mmoja siku zote. Kobe hakuweza kutazama huku na kwenda kule.

Mahali pa ubongo palikuwa na vali mbili ndogo, zile taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio za zamani, pamoja na swichi za umeme. Hizo ndizo chembe zake mbili. Chakula chake kilikuwa betri ndogo ya volti 6. Juu ya vyote lilining'inizwa gamba, na gamba hilo likigonga kitu lilisogea na kugusanisha nyaya mbili, ndiyo kusema kobe amehisi. Hakuwa na kitu kingine. Hakuwa na kumbukumbu, wala hakuna aliyemwandikia orodha ya mambo ya kufanya.

Sasa tazama alivyotenda. Katika giza mota ya kupinda ilizunguka bila kukoma, jicho likatazama pande zote, na kobe akaenda kwa mizunguko mizunguko kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Jicho lilipoona mwanga wa kadiri, mota ya kupinda ilisimama, na kobe akaenda moja kwa moja kuuelekea mwanga. Lakini alipoukaribia mno, mwanga ukawa mkali, ile mota ilianza tena kupinda, naye akageuka akaenda zake. Alipogonga mguu wa meza, vali zake ziliacha kusikiliza jicho kwa muda, akawa anasukuma na kugeuka, anasukuma na kugeuka, mpaka akakiepuka kizuizi.

Wote tunawajua kumbikumbi. Mvua ikinyesha jioni huja kwa maelfu kwenye taa, wakazunguka, wakagonga kioo, wakaanguka. Kobe wa Walter alikuwa na hekima kidogo kuliko kumbikumbi, kwa maana alipenda mwanga kwa kiasi, na mwanga uliopita kiasi aliukimbia.

Jambo la kupendeza zaidi ni habari ya njaa yake. Walter aliweka kibanda chenye taa kali ndani, pamoja na vyuma vya kujazia betri. Kobe aliyeshiba alivutwa na taa ile kutoka mbali, lakini alipofika mlangoni aliona mwanga umezidi, akaondoka. Betri ilipopungua nguvu, vali nazo zilipungua ukali wa kuhisi, na ile taa haikuonekana tena kuwa kali. Basi akaingia mpaka ndani, akagusa vile vyuma, mota zikanyamaza, akala umeme. Betri ilipojaa, mwanga ukawa mkali tena machoni pake, akatoka kwenda kutembea. Hapakuwa na sehemu yo yote ndani yake iliyotengenezwa kwa ajili ya njaa. Njaa ilizaliwa na udhaifu wa betri yenyewe. Lakini si kila mara alifika salama. Kama nguvu zilimwishia mbali na kibanda, alisimama pale pale sakafuni kama gari lililoishiwa mafuta.

Hata muundaji mwenyewe alishangazwa na tendo lingine. Kichwani mwa kobe palikuwa na taa ndogo iliyowaka wakati mota ya kupinda inapofanya kazi. Siku kobe alipopita mbele ya kioo, aliona mwanga wa taa yake mwenyewe. Mota ikasimama, taa ikazimika. Taa ilipozimika hapakuwa tena na mwanga wa kufuata, mota ikaanza, taa ikawaka. Basi akabaki mbele ya kioo akimetameta na kutikisika kama mtu anayecheza ngoma. Walipokutana kobe wawili, kila mmoja alivutwa na taa ya mwenzake, lakini kwa kuvutwa kule alizima taa yake mwenyewe, wakawa wanatafutana na kupoteana.

SIFA NA MABISHANO

Habari za kobe zilienea upesi. Mwezi wa Mei 1950 Walter aliandika juu yao katika gazeti la Scientific American la Marekani. Mwaka wa 1951 kobe wengine, walioundwa kwa uimara zaidi na fundi wa taasisi aitwaye Warren, walionyeshwa London katika maonyesho makubwa ya Festival of Britain. Mwaka wa 1953 alitoa kitabu chake, The Living Brain, kilichosomwa na watu wengi wasio wataalamu. Alikuwa na kipawa cha kueleza mambo magumu kwa lugha nyepesi, na sauti yake ilisikika mara nyingi katika redio na televisheni ya Uingereza. Katika miaka hiyo pia alikuwa mwanachama wa Ratio Club, chama kidogo cha wataalamu vijana kilichoanzishwa London mwaka wa 1949 ili kuzungumza habari za ubongo na mashine. Alan Turing, yule bingwa wa hesabu, alikuwa miongoni mwao.

Walter hakuishia kwenye kobe wa kwanza. Mrusi Pavlov alikuwa ameonyesha kwamba mbwa aliyezoezwa kusikia ishara fulani kila apewapo chakula hutokwa na mate anaposikia ishara hiyo peke yake. Walter akatengeneza saketi iliyoitwa CORA, akaitia katika mashine iliyofanana na kobe. Filimbi ilipopigwa pamoja na mwanga mara nyingi, mashine ilianza kuitikia filimbi kama inavyoitikia mwanga. Ikiachwa muda mrefu bila mazoezi, ilisahau. Mashine hiyo akaiita Machina docilis, yaani mashine yenye kufundishika.

Hapo ndipo mabishano yanapoanza, na sisi tunaosoma katika shule ya misheni hatuwezi kuyapita kimya. Je, kobe yule mbele ya kioo alijitambua? Walter alieleza kwamba kama tungalimwona mnyama akifanya vile, pengine tungalisema ana fahamu ya nafsi yake. Wako waliodhani kwamba maneno ya namna hiyo yanamshusha mtu awe sawa na mashine. Wengine waliona kwamba kobe ni mchezo wa kufurahisha watoto tu.

Mimi naona pande zote mbili zimekosa shabaha. Kobe hakujua kwamba ana njaa, na mwenye kujua ni sisi tuliokuwa tukimtazama. Neno njaa, neno woga, neno kujitambua, yote tuliyatia sisi. Kwa hiyo somo la kwanza la kobe halihusu mashine. Linahusu macho yetu, yanayofanya haraka kuona nia na akili mahali ambapo pana vali mbili na mota mbili. Somo hilo lina kazi kubwa leo kuliko wakati wa Walter, kwa sababu sasa ziko mashine zinazoandika barua na kujibu maswali, na watu wengi huzipa akili na moyo kabla ya kuuliza zimeunganishwaje ndani. Lakini somo la pili ni kinyume cha lile la kwanza. Mambo mepesi yakiungana vizuri huzaa tabia ambayo hata aliyeyaunganisha hakuitazamia. Mtu anayeamini kwamba Mungu ameumba ulimwengu hana haja ya kuogopa jambo hilo. Kujua jinsi mbegu inavyoota hakujaondoa ajabu ya mti.

MIAKA YAKE YA MWISHO

Wengi wanaomkumbuka Walter kwa ajili ya kobe husahau kwamba kazi yake ya kila siku ilibaki kuwa ubongo wa watu. Mwaka wa 1964 yeye na wenzake walitangaza jambo lingine kubwa. Mtu akipewa ishara ya kwanza ya kumwonya, huku akijua kwamba ishara ya pili itafuata na atapaswa kubonyeza kitufe, umeme wa ubongo wake hubadilika polepole katika kitambo kile cha kungojea. Yaani chombo kiliweza kuandika kutazamia kwenyewe, kabla mtu hajatenda neno. Utafiti wa jambo hilo unaendelea katika maabara nyingi mpaka leo.

Mwaka wa 1970 alipatwa na msiba. Alikuwa akiendesha pikipiki yake ndogo, akapata ajali mbaya iliyomjeruhi ubongo. Huyo aliyekuwa amewapima wengine kwa miaka 35 akawa mgonjwa wa kiungo kile kile alichokichunguza, na kazi yake ya utafiti ikakoma. Aliishi miaka mingine karibu 7, akafa tarehe 6 Mei, 1977, akiwa na umri wa miaka 67.

WALIOFUATA NYAYO ZAKE

Mwaka wa 1984 mtaalamu wa ubongo Valentino Braitenberg, mzaliwa wa Italia, alitoa kitabu juu ya vigari vya kuwazia. Kigari chake kina macho mawili na mota mbili. Jicho la kushoto likiunganishwa na gurudumu la kulia, na jicho la kulia na gurudumu la kushoto, kigari huufuata mwanga, kwa sababu gurudumu lililo mbali na mwanga ndilo linalozunguka upesi zaidi. Ukizinyoosha nyaya zisikatane, kigari hukimbia mwanga. Halafu, mwishoni mwa miaka ya 1980, Mark Tilden wa Kanada alianza kuwahimiza watu kuunda roboti ndogo sana kwa vipande vya mashine zilizotupwa, zisizo na betri wala kompyuta, zikiendeshwa na jua peke yake. Kobe wa Walter aliufuata mwanga ili afike penye chakula. Kwa hivi vidogo, mwanga wenyewe ndio chakula.

Mwenye kuanza kazi hiyo hukutana na shida moja mara moja. Paneli ndogo ya sola, yenye ukubwa wa kisanduku cha kibiriti, haitoi umeme wa kutosha kuzungusha mota. Ukiziunganisha moja kwa moja, hakuna kinachotokea. Dawa yake ni kuweka kapasita katikati. Bomba linalotona haliwezi kuosha gari, lakini ukilitegea ndoo usiku kucha, asubuhi utamwaga maji kwa nguvu. Ndivyo kapasita inavyokusanya umeme. Ikishajaa, transista mbili hufungua njia, umeme wote humwagika katika mota, kigari huruka hatua moja, kisha kinatulia kujaza tena. Haba na haba hujaza kibaba. Tena mota lazima iwe nyepesi ya kuzunguka, kama ile iliyokuwa katika kinanda cha kaseti, na mwili wote uwe mwepesi. Mwanafunzi asiunganishe vitu vyote kwa siku moja. Na ajaribu kwanza paneli na kapasita, halafu aongeze mota, halafu macho, ili kikikataa kwenda ajue kosa liko wapi.

Sisi tuliokua tukiunda magari kwa makopo na magurudumu ya kandambili kuukuu tumekwisha kuanza nusu ya kazi hii pasipo kujua. Jua tunalo tele, na vipande vibovu viko kwa kila fundi.

Katika kobe wale wa 1951, mmoja amehifadhiwa katika Science Museum, London, na mwingine yuko Washington, Marekani. Sasa wametulia. Lakini jambo alilotaka Walter linaweza kufanyika mezani pa mwanafunzi ye yote. Ukiwa na wazo juu ya jinsi kitu kilivyo hai, usitosheke kubishana. Kiunganishe, kiwekee nuru, ukae kando utazame. Kikitenda ulivyosema, umeelewa kidogo. Kikitenda jambo ambalo hukulisema, hapo chukua kalamu uandike, kwa maana hapo ndipo elimu yako inapoanza.